Kutoka Dar es Salaam hadi Ujiji kwa Njia ya Bibi

Jumamosi: Dar es Salaam hadi Dodoma

Bibi yetu, mama mzaa baba, alifariki dunia Dar es Salaam akiwa na umri ambao wazee wa ukoo wanaukadiria kuwa miaka 95, na akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Wosia wake ulikuwa mfupi. Alitaka hitima ya arobaini isomwe Ujiji alikozaliwa, na sanduku lake la mbao likabidhiwe kwa mdogo wake, ambaye ndiye pekee aliyebaki hai kati ya watoto wa tumbo lao. Baba na ndugu zake wameamua kwenda kwa ndege shughuli itakapokaribia. Shangazi, binti wa kwanza wa marehemu, alikataa ndege, akasema kwamba mama yake aliishi karibu maisha yake yote kando ya Reli ya Kati na kwamba sanduku hilo litarudi kwao kwa kupita mahali alipopita mwenyewe. Niliomba kufuatana naye, kwa kuwa ana miaka 70 na sanduku si jepesi, na kwa kuwa aliahidi kunionyesha kila nyumba.

Reli hiyo, yenye urefu wa takribani kilomita 1,250, ilianza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Bibi alizaliwa inakoishia, akafariki inakoanzia, na kila uhamisho ulimsogeza mashariki. Sisi tunaelekea magharibi, kwa hiyo tutaanza na uzee wake na kumalizia na utoto wake.

Katika familia yetu maisha hayo husimuliwa kwa namna moja: Babu aliajiriwa reli, Babu akahamishwa, Bibi akamfuata. Nimeyasikia maneno hayo kwenye harusi na kwenye misiba, na ndiyo yaliyomo katika wasifu uliosomwa siku ya mazishi. Shangazi aliusikiliza wasifu ule akiwa ameinamisha kichwa, kisha usiku akaniambia nichukue kalamu na karatasi safarini niandike atakachonieleza.

Treni ya umeme ilitufikisha Dodoma kabla ya saa nne kutimia tangu tuondoke, safari ambayo zamani ilikula usiku mzima. Bibi aliwahi kupelekwa stesheni kuiangalia ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024. Watu wazima wenzake walistaajabia mwendo wake. Yeye aliuliza ni nani atawauzia abiria chakula ikiwa madirisha yenyewe hayafunguki.

Tulipopita Igandu, Shangazi alisoma dua kimyakimya. Asubuhi ya 24 Juni 2002, katika eneo hili, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Bibi wakati huo alikuwa mjane wa miaka 70 na ushei anayeishi Dodoma. Habari zilipofika mtaani alifungua sanduku hili ninalolibeba, akatoa doti zote za khanga alizokuwa amezihifadhi kwa miaka mingi, baadhi zikiwa bado hazijakatwa wala kupindwa, akazipeleka hospitalini ili maiti wasitirike na majeruhi wapate cha kujifunga. Sandukuni ilibaki shuka moja na daftari lenye jalada jeusi la ngozi. Hakuzinunua tena khanga za kuweka, na ndiyo maana sanduku la mwanamke wa umri wake halina nguo.

Jumapili: Dodoma

Tumelala katika nyumba ya familia, nyuma ya stesheni ya zamani, ambayo kila mtu wa ukoo huiita nyumba ya Babu. Ina vyumba vinne na ua mpana wenye mwarobaini. Walihamia mji huu mwaka 1968, miaka mitano kabla ya uamuzi wa 1973 wa kuufanya makao makuu ya nchi, wakakaa kwanza kota za reli, na baadaye ndipo kiwanja hiki kikapatikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Babu akawa mtumishi wa Shirika la Reli la Tanzania pasipo kubadilisha meza wala kiti. Alikuwa karani wa stesheni, mtu mpole na msomaji wa magazeti, ambaye simkumbuki akipandisha sauti. Alifariki mwaka 1991.

Jirani wa ukuta wa pili, mama mtu mzima aliyeolewa mtaani hapa miaka ya sabini, alikuja kutupa pole na akakaa hadi jioni. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, kisha akaniuliza kama ninajua habari za mawese. Sikuzijua. Alinieleza kwamba mwaka 1983, serikali ilipoanza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, watu waliogopa hata kuonekana na mali halali. Wako waliotupa bidhaa mitaroni usiku ili zisikutwe majumbani mwao. Bibi alikuwa na madumu manne ya mawese yaliyoletwa na treni kutoka Kigoma, pamoja na nusu gunia la chumvi, na kwa kipindi kile cha foleni na kadi za duka hiyo ilikuwa shehena ya kumtia mtu matatani. Hakutupa kitu. Aliwaita wanawake wa mtaa mzima, mmoja mmoja, kila mmoja na bakuli lake, akawagawia mpaka kila nyumba ikawa na kiasi ambacho familia hutumia jikoni kwa wiki mbili na si zaidi. Kisha akaketi pale chini ya mwarobaini na daftari jeusi akaandika.

"Aliniandika na mimi," jirani alisema, "nikamlipa kwa mchele mwaka uliofuata. Wako waliolipa kwa kumfulia. Wako ambao hawakulipa, naye akaendelea kuwaalika kwenye mashughuli yake kama kawaida."

Shangazi alilitoa daftari sandukuni, akaliweka kwenye mkeka. Limeandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama Bibi alivyofundishwa katika chuo cha Kurani Ujiji, kwa mwandiko mdogo uliobanana unaojaza ukurasa hadi ukingoni. Babu, aliyesoma shule ya serikali, hakuweza kuusoma. Baba na wadogo zake, waliosoma madrasa juu juu tu kwa sababu ya kuhamahama, waliamini miaka yote kwamba ni daftari la dua.

Jumatatu usiku: katika treni ya zamani

Kutoka Dodoma tumepanda treni ya reli nyembamba. Usiku hakuna cha kuona nje isipokuwa taa chache za Bahi na Kintinku, na baadaye injini ikivuta kwa taabu kutoka Saranda kuelekea Manyoni, mahali reli inapoupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Madirisha ya treni hii yanafunguka, na katika kila stesheni wanawake na vijana walikuja na beseni za kuku, mayai, karanga na ndizi, wakitembea kando ya behewa hata lilipoanza kuondoka. Shangazi alinunua kwa kila aliyemsogelea hadi nikakosa pa kuweka vitu. Alisema mama yake aliwafundisha kutompita mtu anayeuza dirishani usiku, kwa kuwa mtu huyo ameacha watoto wamelala peke yao.

Jumanne na Jumatano: Tabora

Hapa ndipo nilipotaka kukaa muda mrefu, na Shangazi akakubali tuongeze siku.

Alizaliwa Tabora mwaka 1955, katika kota za reli, na mji huu ndio anaoukumbuka kwa miguu yake: alinitembeza kutoka stesheni kupitia barabara za miembe hadi Ng'ambo bila kuuliza njia. Babu na Bibi walifika hapa mwanzoni mwa miaka ya hamsini wakitoka Uvinza. Wakati huo Tabora ilikuwa njia panda ya treni zote za magharibi, kwani tangu 1928 tawi la Mwanza lilianzia hapa, na abiria walilazimika kungoja kwa saa nyingi. Bibi aliliona jambo hilo ndani ya wiki ya kwanza. Abiria anayengoja ana njaa, na watoto wake wana njaa zaidi.

Shangazi amenieleza vitumbua vyake kwa utaratibu ambao ningependa usipotee. Mchele uliloweshwa tangu magharibi, ukatwangwa kabla ya alfajiri ungali na unyevu, ukachanganywa na tui, sukari, hiliki na chachu, ukafunikwa na kuwekwa karibu na jiko mpaka uumuke. Kikaango kilikuwa cha chuma chenye vishimo saba, na kila kishimo kilipata mafuta kijiko kimoja kidogo, kwa sababu mafuta yalikuwa ghali na kitumbua kilicholowa mafuta humkinaisha mtu kabla hajanunua cha pili. Nazi zilitoka pwani kwa treni. Vitumbua vya kwanza vilitoka jikoni pale treni ya Mwanza ilipopiga honi ikikaribia, na Shangazi, akiwa na miaka minne au mitano, alikuwa na kazi ya kubeba kawa na kuwarudishia watu chenji.

Januari 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu wa mwaka mjini hapa, ule ulioamua kwamba Watanganyika washiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Vitabu vya shule vimeandika hotuba za mkutano ule na hofu ya chama kugawanyika. Bibi alikuwa akisimulia upande mwingine: wageni walikuwa wengi kuliko nyumba za kulala, ikabidi mitaa igawane wajumbe, na wanawake wa kota wakapika kwa zamu usiku na mchana. Hakuwahi kudai kwamba alimwona kiongozi yeyote kwa karibu. Alichodai, na alikidai kwa fahari hadi uzeeni, ni kwamba hakuna mjumbe aliyekula kwake akaondoka hajashiba.

Kisha ukaja mgomo. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli Tanganyika waligoma kwa zaidi ya miezi miwili wakidai mishahara na heshima kazini, na Babu akagoma pamoja na wenzake. Shangazi anakumbuka wanaume wa kota wakiwa vibarazani tangu asubuhi, wamevaa vizuri, hawana pa kwenda. Treni zikawa chache, nazi za pwani zikakatika, abiria wakapungua, na mshahara haukuwepo. Ilikuwa rahisi kusema kwamba biashara ya stesheni imekufa. Bibi alibadilisha mambo mawili. Tui la nazi alilibadilisha kwa tui la karanga, zao ambalo Unyamwezini halikosekani, na soko akalihamisha kutoka jukwaa la stesheni hadi sokoni na mashuleni. Vitumbua vya karanga ni vizito kidogo na vina rangi ya udongo. Shangazi alivipika leo asubuhi nyumbani kwa wenyeji wetu, nikala vinne, na ninaweza kushuhudia kwamba vinashibisha. Kwa vitumbua hivyo kaya yao ilikula, na kaya tatu za jirani zikala, na wanaume wakaweza kuendelea na mgomo pasipo kurudi kazini kwa kushindwa na njaa. Ninapoyafikiria madai yaliyopatikana baada ya mgomo ule, ninaona kwamba wanawake wa kota wana fungu lao ndani yake, na si fungu dogo.

Leo jioni tulizikuta kota zenyewe. Baadhi zimebadilishwa mapaa, nyingine zimebaki na kuta nene za zamani. Kijana anayeishi katika kile chumba alichozaliwa Shangazi alitukaribisha ndani bila kutujua, akatuletea maji na asali.

Alhamisi: Uvinza

Tumekuja kwa basi kupitia Urambo na Kaliua, panapochepuka reli ya Mpanda, kisha tukavuka Mto Malagarasi. Safari ilikuwa ndefu, na Shangazi alichoka, hivyo nitaandika kidogo.

Uvinza ni chumvi. Maji ya chumvi hububujika ardhini karibu na mahali Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, na uchimbaji wa wanaakiolojia umeonyesha kwamba watu wamekuwa wakiyachemsha hapa kwa zaidi ya miaka 1,000. Kabla ya reli, misafara iliichukua chumvi hii hadi Unyamwezini na ng'ambo ya ziwa. Bibi aliletwa hapa akiwa bibi harusi, mwishoni mwa miaka ya arobaini, Babu alipopata kazi yake ya kwanza katika stesheni hii. Alikuwa hajafikisha miaka 20. Mshahara wa karani mgeni ulikuwa mdogo, lakini familia za wafanyakazi wa reli zilipewa pasi za kusafiria, na hapo ndipo binti wa Ujiji, aliyelelewa katika mji wa wafanyabiashara, alipoona kilichokuwa mbele ya macho ya kila mtu: chumvi ilikuwa rahisi Uvinza na ghali Tabora, asali ilikuwa rahisi Tabora na ghali Kigoma, mawese na dagaa vilikuwa rahisi Kigoma na ghali kwingine kote. Alizunguka na pasi ile mara mbili kwa mwezi, mtoto mgongoni. Uhamisho wa Tabora ulipotangazwa, alikuwa tayari na wateja huko.

Niliokota punje moja ya chumvi ghafi pembeni ya njia. Ni ya kijivu, ngumu, na ina ladha kali kuliko ile ya dukani.

Ijumaa na Jumamosi: Ujiji

Tulifika Ujiji kabla ya sala ya Ijumaa. Baba na ndugu zake walikuwa wameshafika. Bibi mdogo, yaani yule mdogo wake marehemu, alikuwa ameketi barazani kwenye mkeka, amejifunika khanga mbili, na mtoto wa jirani alipomwambia kwamba wageni wa Dar es Salaam wamekuja na sanduku, alinyoosha mikono kabla hatujamwamkia. Ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alilipapasa sanduku pembe hadi pembe, akagonga kifuniko, akasema kwamba lilitengenezwa na baba yao kwa mbao za mvule, na kwamba dada yake aliolewa nalo.

Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani kwa miongo mingi kabla ya reli, na watu wake, Waha wenyeji pamoja na Wamanyema, Wabembe na wengine waliovuka ziwa, walikikuza Kiswahili hapa kama lugha ya nyumbani. Wageni wengi huja kuangalia mahali David Livingstone na Henry Morton Stanley walipokutana mwaka 1871. Bibi mdogo alituonyesha, kwa kunyoosha kidole upande wa magharibi, mahali ambapo yeye na dada yake waliteka maji, wakaanika dagaa, na wakaangalia meli ya Liemba ikiingia kutoka kusini. Meli hiyo ilizamishwa na Wajerumani mwaka 1916, ikaibuliwa 1924 na kuanza kazi tena 1927. Mama yao alikuwa akisema kwamba binti mkubwa alizaliwa Liemba ikiwa bado ngeni machoni pa watu baada ya kufufuliwa, na huo ndio ushahidi pekee tulio nao wa umri wa Bibi.

Hitima ilisomwa Jumamosi asubuhi. Wanaume walikuwa msikitini, wanawake uani, ubani ukifukizwa, na baada ya dua watu walikula wali kwa migebuka iliyoungwa kwa mawese. Ilikuwa shughuli kubwa kuliko tulivyotarajia. Mabinti na wajukuu wa wanawake waliofanya naye biashara walikuja kutoka Kibirizi na Mwanga, wengine wakiwa hawajawahi kumwona, wakijitambulisha kwa jina la bibi zao.

Alasiri, familia ilipobaki peke yake, Shangazi alimkabidhi bibi mdogo daftari mbele ya ndugu zake wote. Ustadhi kijana wa ukoo alilisoma kwa sauti, na kila alipokwama kwenye mkato wa neno au alama, bibi mdogo alimweleza, kwani yeye na dada yake walisoma chuo kimoja na kuandika kwa namna moja. Dua zilikuwa mbili, katika ukurasa wa kwanza. Zilizofuata zilikuwa hesabu: magunia ya chumvi, debe za asali, madumu ya mawese, majina ya wanawake wa Uvinza, Nguruka, Kaliua, Tabora, Manyoni na Dodoma, na mbele ya kila jina kilichotolewa na kilicholipwa. Ada za shule za Baba zilikuwemo, muhula kwa muhula. Nauli ya kwanza ya ami yangu kwenda chuoni ilikuwemo. Kisha ustadhi akafika kwenye kurasa za Dodoma, akasoma malipo ya kiwanja, malipo ya matofali, malipo ya fundi, malipo ya mabati, yote yakiwa yametoka katika chumvi na mawese, na mahali pamoja akasoma kwamba mshahara wa baba watoto usiguswe, uwe wa chakula na magazeti yake.

Baba alimwomba arudie kurasa zile. Aliporudia, Baba alilia, na akasema mbele ya wote kwamba wasifu uliosomwa siku ya mazishi aliuandika yeye, na kwamba utaandikwa upya. Ami mkubwa akasema kwamba nyumba ya Dodoma iitwe kwa jina la aliyeijenga, na kwamba jambo hilo lifikishwe hata katika hati. Hakuna aliyepinga. Shangazi hakusema neno. Alikuwa akimmiminia bibi mdogo chai.

Nimepewa kazi ya kulinakili daftari lote kwa herufi za Kirumi kabla hatujaondoka, ustadhi akisoma na mimi nikiandika, na tulianza usiku huo huo kwa taa ya sola barazani. Kazi inakwenda polepole kwa sababu bibi mdogo hakubali jina lolote lipite bila kueleza mwenyewe alikuwa nani, aliolewa wapi na alipenda kukopa nini. Tulipofika kwenye ukurasa wa Nguruka alimsimamisha ustadhi, akasema hesabu ya pale ina upungufu wa debe moja la asali, kwamba debe hilo lililetwa Ujiji kwenye harusi yake yeye mwenyewe, na kwamba niliandike sasa hivi pembeni ya mstari, pamoja na jina la dada yake.